Mwanangu Ameniweka Kwenye Falla, na Wakwe Wako Njiani

Bi Fina mpendwa,

Naomba msaada, na ninauomba nikiwa nimefunga madirisha yote ya upande wa barabarani, maana nikifungua hata moja nasikia watu wanacheka, na wanayemcheka ni mimi, tangu jana asubuhi wananicheka, wanakuja na watoto wao mabegani kunicheka, na kesho alasiri treni itashusha watu wawili kutoka Burgos ambao sijawahi kuwatia machoni na ambao wanakuja kulala nyumbani kwangu, na sijui niwafungulie mlango au nijifanye nimekufa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimezaliwa hapa hapa Valencia, mtaa wa Cabanyal, na sijawahi kukosa sikukuu za Fallas hata mara moja, hata mwaka ule niliofanyiwa upasuaji wa nyongo nilimwambia daktari achague Februari au Aprili, Machi sina nafasi. Binti yangu Neus ameposwa na kijana wa Burgos aitwaye Gonzalo, kijana mzuri, sina la kusema, si mvivu, hajibizani na wakubwa, ingawa anatia soseji kwenye paella, wali wetu wa heshima, na mimi hilo nimelinyamazia kwa ajili ya amani. Harusi ni Septemba, na baada ya harusi watahamia Burgos kwa sababu kazi ya kijana iko huko, sawa, simlaumu mtu, wako waliohamia mbali zaidi. Wazazi wake, Bwana Eutimio na Bi Piedad, hawajawahi kukanyaga mji huu, basi waliposema wanataka kuja tufahamiane, nikasema kama ni kuja waje Fallas, waone mkwe wao wanamtoa mahali gani.

Sasa Bi Fina, katika ukoo wetu mpangaji wa safari ni mimi, na hilo sikujipa, nilipewa kwa sababu hakuna mwingine anayeweza. Binamu zangu wa Teruel niliwapangia, rafiki wa mume wangu aliyekuwa naye jeshini nilimpangia, shemeji yangu na mke wake wa pili niliwapangia hata kama sikumpenda mke wa pili. Wewe unajua, mgeni akija mji huu wakati wa Fallas bila mpango hataona kitu isipokuwa migongo ya watu. Atafika uwanja wa manispaa baruti za saa nane zimekwisha, atakuta moshi tu. Atakula maandazi ya boga yaliyopoa. Atatoka kwenda kuona waliobeba maua ya Bikira akajikuta ameingia msafara wa mtaa mwingine, akatokea upande wa pili wa mto bila mkoba. Ndiyo maana hawa wa Burgos niliwapangia tangu Novemba, nikawatumia mpango, na Januari nikautengeneza upya nikawatumia tena, na nikawatumia pamba za masikio, na nikamwambia Bi Piedad aina ya viatu, visigino hapana, kamba hapana, kwa sababu cheche ikiruka mtu lazima aweze kukimbia.

Bi Piedad alinipigia simu mara moja. Ana sauti ya upole, kama mtu anayeongea kanisani. Akaniambia, “Dada yangu, magoti yangu siku hizi hayanitii. Ningefurahi kama kungekuwa na mchana mmoja tukakaa tu, tukaonyeshana picha za watoto wetu walipokuwa wadogo.” Nami nikamjibu kwa adabu zote, nikamwambia dada, magoti usiyaogope, magoti tutayapangia, na kweli nikawawekea mapumziko kati ya kanisa kuu na soko, kwenye benchi ninalolijua lenye kivuli. Nani mwingine angewafikiria hivyo?

Basi jana asubuhi nikashuka kununua mkate. Falla ya mtaa wetu ilikuwa imeshasimamishwa, mnara wa mbao na karatasi unaofika dirisha la ghorofa ya tatu, na mwaka huu kamati ilichagua kuwacheka watalii, jambo nililoliunga mkono mwenyewe kwenye mkutano, niliinua mkono. Nikaona watu wamejazana upande wa duka la mikate, wanacheka mpaka wanashikana. Nikasogea nami nicheke. Mwaka jana pale pale walikuwa wamemweka daktari wa meno akimng'oa mteja jino na pochi kwa koleo moja, nilicheka siku nne, lakini yule alistahili.

Bi Fina, pale mbele palikuwa na sanamu ya mwanamke. Ana filimbi mdomoni, ana saa mikono yote miwili, nywele zangu, pua yangu, na mkononi ameshika kamba, na kamba imefunga kiunoni foleni ya watu ambao ndimi ziko nje, bibi mmoja anaburutwa mpaka miguu haigusi chini, na nyuma yake mwanamume amelala amesimama huku andazi limemning'inia mdomoni, na huyo ni mume wangu Ximo, hahitaji kuulizwa. Na mwisho kabisa wa kamba yuko bibi harusi mwenye shela, ameshika mkasi, anaikata. Chini yake wameandika:

“Ona upesi, kula upesi, Bikira anakusubiri;
ukichoka vumilia, kaburini kuna kitanda kizuri.”

Na ile sanamu ilikuwa imevaa koti langu. Sisemi koti linalofanana na langu. Koti langu la buluu lenye vifungo nilivyobadilisha mwenyewe, ambalo nimelitafuta tangu Januari, na Neus akaniambia amelipeleka kwa dobi, na kila nikimuuliza ananiambia dobi anaumwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini mimi kimeniendea na nguo yenyewe.

Nikapanda nyumbani bila mkate. Neus alikuwa anakunywa kahawa.

“Koti langu liko wapi?” nikamuuliza.

“Umeshashuka chini,” akasema.

“Nimekuuliza koti.”

“Batiste alisema sanamu bila nguo halisi haina uhai.” Batiste ndiye fundi anayetengeneza falla yetu. “Mama, ni mzaha. Mtaa mzima wanakupenda.”

“Na huyo mwenye mkasi ni mzaha?”

Akakisukuma kikombe kando. Halafu akasema, taratibu, jambo ambalo limenichoma kuliko sanamu. “Kwa mdomo nimekwambia mara ngapi? Nilikwambia Krismasi, ukaniambia nisubiri umalize kupanga ratiba yao ya Jumatano. Hawa watu hawaji kuona Fallas, mama. Wanakuja kutuona sisi.”

Nikamwambia kama ni hivyo basi nywele zake za kesho kutwa akazisuke kwa mtu mwingine. Unajua mwenyewe maana ya maneno hayo. Kila mwaka tangu ana miaka mitatu, siku ya kumpelekea Bikira maua, mimi ndiye ninayemfunga yale mafundo matatu na kumchomeka vitana, mimi ndiye ninayemkaza gauni la hariri, hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa. Akaondoka bila kufunga mlango, na tangu hapo tunapishana sebuleni kama wapangaji.

Nikamwita mume wangu anitetee. Ximo akashuka, akakaa huko muda mrefu, nikachungulia dirishani nikamwona ameshika nguzo ya taa asianguke kwa kicheko, kisha akamwomba mtu ampige picha na sanamu yake. Aliporudi nikamuuliza, “Umeona walichonifanyia?”

Akasema, “Imefanana, Encarna. Hata ule mguu wa kushoto, unavyoutupa ukiwa na haraka.”

Jioni nikavumilia nikashindwa, nikashuka na mkasi, nikijua fika kwamba kugusa falla iliyosimamishwa ni kama kuiba sadaka, lakini nikasema koti ni mali yangu, nilivue tu, shingo ya sanamu nitaikata kesho. Mwenyekiti wa kamati, Voro, akanikuta mkono uko kwenye kifungo cha kwanza.

“Weka chini huo mkasi, Encarna,” akaniambia. “Mke wangu ananiomba miaka yote hii awekwe, hatujamweka. Wewe umepata bure unataka kukata?”

“Nitawashtaki.”

“Tushtaki. Mwaka ujao tutakuweka na hakimu.”

Na leo, ili mtungi ujae, waamuzi wamepita, wameipa falla yetu tuzo ya kwanza ya uchekeshaji katika daraja letu, na ile bendera ya tuzo wameichomeka wapi, Bi Fina? Karibu na bega langu. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nimechezewa kwetu wakatunzwa wengine.

Sasa niambie. Mawazo niliyo nayo ni haya. La kwanza, niwapigie simu Burgos usiku huu niseme Ximo ameugua, kitu cha kuambukiza, wasije. La pili, waje lakini niwaingize kwa uchochoro wa nyuma, kupitia karakana ya jirani anayetengeneza pikipiki, na siku zote nne tutoke kwa huko huko, mpango nimeshaubadilisha, inawezekana tukitoka mapema na Bi Piedad akiweza kuruka kizingiti cha karakana. La tatu sitaliandika kwa sababu linahusu kiberiti, na najua falla zote huchomwa moto usiku wa Mtakatifu Yosefu, lakini huo ni usiku wa mwisho na wao wanakuja kesho. Nimemlea, ndugu zangu nimewapangia, wageni wao wote nimewapokea, na shukrani ni kuvuliwa nguo barabarani na mtoto niliyemzaa. Nishauri, ila tafadhali usiniambie nicheke. Kila mtu ananiambia nicheke.

Ni mimi,
Niliyejifungia Ndani, Cabanyal

*

Mama wa Cabanyal,

Barua yako imeletwa kwa mkono, na mleta barua alikuwa anacheka, kwa hiyo nimeijibu upesi ili itoke asubuhi hii kabla treni yako haijafika. Sitakuambia ucheke. Una haki ya kukasirika, na haki hiyo nitakupa kwanza, kisha nitakunyang'anya mambo mengine.

Kuchukua koti la mtu bila ruhusa ni wizi, hata mwizi akiwa ametoka tumboni mwako. Na kumsingizia dobi ugonjwa ni uongo wa kitoto. Neus, najua unasoma, kwa sababu mji mzima unasoma ukurasa huu ukijifanya unatafuta ratiba ya fataki. Binti anayekwenda kuolewa anatakiwa aweze kumwambia mama yake neno gumu akiwa amemtazama usoni, tena alirudie mpaka lisikike. Wewe ulisema, ukapuuzwa, ukaenda kuajiri fundi, karatasi na mtaa mzima wakusaidie. Huo si ujasiri. Huko Burgos hakuna Batiste, na siku utakapogombana na mama mkwe utasema kwa nani? Mwombe mama yako msamaha leo, kabla ya chakula cha mchana, na usitie neno “lakini” ndani yake.

Basi, hayo yamekwisha. Sasa nirudi kwako, mama, na ukae vizuri.

Unasema umevuliwa nguo barabarani. Mwaka jana ulicheka siku nne daktari wa meno alipovuliwa zake. Yeye ana mke, ana watoto, ana mama yake mzazi anayekaa mtaa huo huo na anayenunua mkate duka hilo hilo. Alikuja kulia kwako? Ulimpelekea pole? Mkuki kwa nguruwe, mwenzangu, kwa binadamu mchungu. Ulikaa kwenye mkutano ukainua mkono watalii wachekwe, na hukuuliza mtalii huwa anaongozwa na nani. Katika mji huu anayewekwa kwenye falla ni mtu ambaye watu wanamjua na wanajua atarudi kununua mkate kesho yake. Mimi nimetukana nusu ya Valencia kwenye ukurasa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hakuna kamati iliyowahi kunipa hata sanamu ya paka wangu. Usiniombe nikuonee huruma kwa hilo, maana nitakuonea wivu.

Ninachokasirika nacho ni kitu kingine, na nimekikuta katikati ya barua yako, ulikopita mbio. Mwanamke mzima, mgonjwa wa magoti, ambaye mwanawe anaoa mwanao, alichukua simu akakuomba kitu kimoja. Hakuomba baruti wala roshani ya kuzitazamia. Aliomba mchana mmoja mkae mwangalie picha za watoto. Nawe ukampa benchi. Benchi, mama, kati ya kanisa na soko. Halafu unaniuliza nani mwingine angewafikiria. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelituma Burgos kwa posta Novemba, pamoja na pamba za masikio.

Na yule bibi wa karatasi ambaye miguu haigusi chini, hukumtambua? Umemtaja Ximo, umemtaja bibi harusi, umeitaja pua yako. Huyo bibi ukampita kama mtu asiye na jina. Mimi nadhani Neus alimweka pale kwa sababu Bi Piedad, baada ya kukata simu na wewe, alimpigia yeye. Sina ushahidi. Muulize.

Sasa nisikilize vizuri kuliko ulivyomsikiliza mwanao. Barua yako ina maneno mengi kuhusu koti, filimbi, tuzo na mkasi. Kuhusu mtoto wako wa pekee kuondoka nyumbani na kwenda kuishi mbali na bahari, umeandika mstari mmoja, na mwisho wake ukasema humlaumu mtu. Mtu asiyemlaumu mtu hawapangii wazee wawili siku nne kuanzia fataki za alfajiri mpaka moto wa usiku. Mimi nakuona, mama. Unataka wapigwe na baruti, na maua, na hariri, na maandazi ya moto, mpaka Bwana Eutimio akae chini hoi amwambie mwanawe, “Gonzalo, mwanangu, hamieni huku, kwetu ni nini bwana.” Hiyo ndiyo safari uliyoipanga tangu Novemba. Uliwaalika wakwe, lakini ulichoandaa ni vita, na uliyetaka kumshinda ni mji wa watu ambao haujakukosea.

Mji huo hautashindwa. Burgos wana kanisa lao kuu, wana sikukuu zao, wana baridi yao wanayoipenda, na wana kijana ambaye Neus amemchagua mwenyewe. Hakuna baruti ya kubadilisha hilo. Na Neus ameelewa unachofanya, ndiyo maana akampa bibi harusi mkasi. Inauma. Sisemi haiumi. Mtoto mmoja, nywele ulizozifunga tangu ana miaka mitatu, na sasa kuna mtu anakuja na treni kukuonyesha uso wa nyumba atakayokwenda kukaa. Hapo nakupa pole ya kweli, na kama ningekuwa karibu ningekukumbatia. Lakini hata uchungu huo haukupi ruhusa ya kumburuta mgonjwa wa magoti, wala ya kumnyima binti mikono yako siku ya Bikira. Lile neno la nywele, mama, ni baya kuliko sanamu yoyote. Sanamu itakuwa majivu. Neno hilo halichomeki.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinipange upya.

Simu ya kusema Ximo anaumwa usiipige. Uongo wa ugonjwa kwa wakwe siku ya kwanza utakufuata mpaka kwenye ubatizo wa wajukuu. Uchochoro wa karakana uusahau, na kiberiti ukirudishe jikoni. Alasiri nenda kituoni na Ximo, mikono mitupu, bila karatasi yoyote mfukoni. Teremka nao kwa barabara kubwa, polepole, kwa mwendo wa Bi Piedad, mpaka mbele ya falla. Simama kando ya ile sanamu useme, “Huyu ni mimi. Karibuni.” Maneno hayo tu. Usieleze, usijitetee, usimsingizie Batiste pua. Kama Bi Piedad ni mwanamke wa sauti unayoisifu, atajua la kufanya, na kama atacheka, mwache acheke mpaka atosheke, kwa sababu nadhani amesubiri miezi mingi.

Kisha mtolee kiti. Kiti cha nyumbani chenye mto, mlangoni, jua linapopiga. Leta picha za Neus, hata zile anazozichukia za meno yaliyong'oka, na mkae. Anayetaka kupita atapita mbele yenu. Falla iko hapo hapo, mji wote utakuja wenyewe mpaka miguuni pako bila kupangwa. Ximo na Bwana Eutimio waache waende zao kuangalia baruti. Watapotea, watarudi wamechelewa na wanaimba, na hakuna atakayekufa.

Kesho asubuhi mfunge mwanao nywele. Mwambie wewe, usingoje aombe. Fungeni mlango wa chumba, na ukiwa na vitana mkononi usiseme habari ya msafara wala foleni wala saa. Muulize habari za Burgos. Nyumba yao iko ghorofa ya ngapi, jikoni panaingia jua, nani jirani. Utakuta kwamba hujawahi kumuuliza hata swali moja, naye amekuwa akisubiri kusimulia. Ukilia, lia, kwa sababu kwa siku hiyo nusu ya kina mama wa Valencia wanalia na hakuna atakayejua wewe unalia nini.

Na usiku wa leo Bi Piedad akikuuliza, kwa woga, kesho mnatoka saa ngapi, mjibu, “Sijui.” Litamke neno hilo mbele ya kioo kabla treni haijafika, maana najua halijawahi kupita kwenye ulimi wako. Lizoee. Septemba utampigia mwanao simu umuulize atakuja lini, naye atakujibu neno hilo hilo. Na kama hizi siku nne amekusikia ukilisema bila kupandisha sauti, atakuja.

Fina Alapont